Mbwa Aliyefunikwa Kanga

Paukwa.

— Pakawa!

Pakawa mbuga.

— Tukaivuka!

Pakawa kunde.

— Tukazipalilia!

Pakawa mbwa.

— Asitung'ate!

Hang'ati, mbwa wa hadithi yangu. Sogeeni basi. Na wewe uliyeshika muhogo, tafuna polepole, nisije nikasikia meno yako badala ya maneno yangu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwasikiliza, palikuwa na mjane jina lake Nyamizi. Mume hana, mtoto hana, ng'ombe hana. Alikuwa na shamba la kunde ukingoni mwa mbuga, na kunde hizo ndizo zilizomvusha kiangazi. Na alikuwa na mbwa.

Mbwa huyo aliachiwa na wapita njia aliowapa maji ya kunywa. Walimtoa mkobani, kitoto kisichojaa kiganja, wakamwambia, "Mama, huyu hafuati kwa pua kama mbwa wenu. Anafuata kwa jicho. Siku akitimka, usimwite kwa mdomo. Jicho lake likifunguka, sikio hufunga mlango."

Nyamizi akacheka, akampokea.

Mbwa akakua. Miguu mirefu, kiuno cha nyigu, mwili mwembamba hata Nyamizi akamwita Unyasi. Asubuhi hukimbia mara moja kuzunguka shamba, upepo umepita, huyo. Kisha hurudi akajilaza juu ya ngozi mchana kutwa, pua mapajani mwa Nyamizi. Na Sungura wa mbugani, aliyezitamani kunde zile, akiziona mbio zile hulala njaa.

Sungura akawaza. "Mbwa huyu simwezi kwa miguu. Nitammaliza kwa mkono wa mwenye mbwa."

Akaja mpaka kichakani, akaita, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mpita njia tu, shangazi. Nimetoka kisimani, nimewasikia watu wakiimba." Akaimba:

*Mbavu moja, mbavu mbili,*
*mbavu zote nje.*
*Mwenye mbwa ana kunde,*
*mbwa wake ana nini?*

Nyamizi akamtazama Unyasi. Kweli, mbavu zilionekana. Aibu ikamshika, akamwongezea tonge la ugali.

Sungura akaja tena, akaimba tena. Nyamizi akaongeza maziwa.

Sungura akaja mara ya tatu. Wimbo haujafika katikati, Nyamizi keshapakua ugali, keshamimina maziwa, keshatia na mafuta ya karanga. Yeye mwenyewe akalala na maji.

Jirani yake, Holo, akapita akasifu. "Sasa huyo ndiye mbwa. Zamani nilidhani umeanika ubao."

Unyasi akanona. Shingo ikapotea. Mbio za asubuhi zikawa mwendo, mwendo ukawa kukaa, kukaa kukawa kuhema.

Siku moja Sungura akaingia kwenye kunde mchana kweupe. Akala, akapumzika, akala tena.

"Unyasi, mwone yule!" akapaza sauti Nyamizi.

Unyasi akainuka, akakimbia mpaka penye kichuguu, miguu ikamkatika, akaanguka. Sungura hakuacha hata kutafuna.

Nyamizi akamfuata, akakipakata kile kichwa kirefu. "Unyasi mwanangu, nimekunyima nini?"

Na mbwa yule, ambaye hata kubweka alikuwa hapendi, akasema huku akihema, "Hukuninyima kitu, mama. Lakini chakula kile hukunilisha mimi. Umelisha macho ya watu."

"Kumbe hukuwa na njaa?"

"Nilikuwa na baridi. Nyama yangu kidogo, manyoya yangu mafupi. Alfajiri natetemeka, wewe unaona mbavu tu."

"Na miguu?"

"Miguu inataka mbio moja, kisha usingizi. Nirudishie hayo, mama. La sivyo nitakufia hapa mapajani."

Nyamizi akamrudisha nyumbani. Alikuwa na doti moja ya kanga nyeupe, ya mwisho kununuliwa na marehemu mumewe, hajaikata bado, anaitunza. Akaikata. Moja akajifunga, ya pili akamfunika Unyasi.

Matonge yakapungua. Asubuhi wakatembea wawili, polepole, kwanza mpaka kichuguuni, kisha mpaka kisimani, kisha mpaka mwisho wa shamba. Kiuno kikarudi. Mbavu nazo zikarudi.

Holo akasimama njiani, mkono kiunoni. "Nyamizi, mmevaa sare na mbwa. Harusi ya nani?"

"Yetu sisi. Ukija, njoo na kunde, zangu zimeliwa."

Sungura naye akaja. *Mbavu moja, mbavu mbili...*

"Mbavu ni zake," akasema Nyamizi. "Wewe zinakuwasha wapi?"

Sungura akaona maneno yamekwisha, akajitosa kwenye kunde kwa jeuri. Unyasi akainua kichwa. Kanga ikateleza. Mara hapana mbwa tena, pana kanga chini na vumbi hewani.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda, mpaka mbuga ikawameza.

Nyamizi akaita, "Unyasi!" Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu, sauti ikapasuka. Jua linashuka, na mbuga ina fisi. Shamba akalisahau. Kunde akazisahau. Alimtaka mbwa wake tu.

Hapo maneno ya wapita njia yakamrudia. Usimwite kwa mdomo.

Akaiokota ile kanga, akapanda kichuguu, akaipeperusha. Mkono huu ukachoka, akashika kwa ule. Ule ukachoka, akarudi kwa huu.

Mbali kabisa, kitu chembamba kikageuza kichwa.

Unyasi akarudi polepole, akichechemea kidogo, na mdomoni ana kipande cha mkia wa Sungura. Akakiweka chini miguuni pa Nyamizi. Kisha akasimama kimya, mgongo ameuelekeza kwake, akingoja kufunikwa.

Basi wanangu, umpendaye mlishe kwa njaa yake, si kwa macho ya jirani. Na ukitaka akurudie, mwite kwa njia anayoijua yeye.

Mkia wa Sungura mmeuona ulivyo mfupi hadi leo, msiniulize kipande kingine kiko wapi. Hadithi naifungia hapa. Ikiwa tamu, imezeni. Ikiwa chachu, mmwagieni Sungura.

Na mimi mkiziona mbavu zangu zimetoka, msisite, nileteeni ugali. Mimi si mbwa wa mbio.