Mkono Uliobaki Mashine Namba Nne

Aondokaye na aondoke na mkono wake. Mmelisikia neno hilo leo mkacheka, mkauliza mtu ataondokaje akaacha mkono. Anaweza. Tulieni niwaeleze lilikoanzia.

Katika bohari moja ya dawa, huko nyanda za juu kusini, alikuwapo fundi wa kompyuta, Bi Anjelista Kapinga, mama wa miaka hamsini na sita aliyeumwa magoti yote mawili. Alikuwa amechoka. Kompyuta hazikumchosha, maana kompyuta hazina ubishi; waliomchosha ni watu. Makarani wote sita wa pale waliingia kwenye mfumo kwa jina moja, BOHARI, na nywila moja. Kila mmoja alikuwa amewahi kusahau yake akachekwa, basi wakapatana wawe na moja, wakaibandika ukutani juu ya birika la chai. Bi Anjelista aliwasihi miaka mitatu waache mtindo huo, mwishowe akanyamaza.

Siku hiyo, saa tisa alasiri, dawa zilikataa kutoka. Jedwali la dawa katika mfumo ule lilikuwa kama daftari moja: mmoja akilishika kuandika, wengine husubiri mpaka aliachie. Na mtu alikuwa amelishika tangu saa saba. Bila hati ya mfumo, mlinzi haruhusu hata kidonge kipite getini. Nje gari lilingoja insulini ya hospitali ya ng'ambo ya mto, na kivuko cha mwisho kilikuwa saa kumi na moja.

Aliyehangaika kupita wote ni Kanisius Mbawala, karani mkongwe. Binti yake Ditrika alikuwa amelazwa hospitali hiyo hiyo kwa kisukari, na muuguzi alishapiga simu kwamba insulini iliyobaki ni ya leo tu.

"Ni nani huyo asiye na haya?" alifoka. "Dada Anjelista, mkate tu!"

"Nimkate nani, kaka? Mfumo unaniambia BOHARI. Nikimkata BOHARI nimewakata wote sita, na yote mliyohesabu tangu asubuhi bila kuyahifadhi yanapotea, insulini ikiwemo."

Akawauliza mmoja mmoja. Si mimi, bibi. Wala mimi. Walahi si mimi. Mfumo ulimpa jambo moja tu la ziada: mashine namba nne. Lakini mashine zilihamishwahamishwa masika yaliyopita paa lilipovuja, na namba zilikuwa zimebandikwa chini yake, uvunguni mwa meza. Basi akapiga magoti, meza hadi meza, akifuta vumbi na kusoma. Mungu wangu, alijisemea, nastaafu lini?

Meza tano zenye watu hazikuwa na namba nne. Ya sita alikuwa ameipita mara mbili, kwa sababu kitini palikuwa na sweta. Pale bohari, sweta kitini maana yake mwenyewe yupo, katoka kidogo tu, na meza yake haiguswi. Mara hii aliinama.

Namba nne.

Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa insulini ulikuwa wazi, jina la hospitali ya ng'ambo limeandikwa, idadi bado. Sweta lile lilikuwa la Kanisius. Alikuwa ameanza kuandika dawa ya binti yake, honi ya gari ikalia, akatoka mbio kupokea sanduku la barafu la kubebea insulini, na tangu hapo hakurudi kukaa.

Bi Anjelista alikuwa na maneno ya miaka mitatu mdomoni. Akamtazama Kanisius amesimama mlangoni, amelikumbatia sanduku, macho mekundu. Maneno yote yakamwishia, akabaki na huruma.

"Kaka Kanisius," alisema polepole, "uliondoka ukaacha mkono wako hapa. Njoo uuchukue."

Kanisius alikuja, akatazama, akakaa juu ya sweta lake. Akaandika idadi, akakosea tarakimu mara mbili. Kisha hati ikatoka.

Gari lilifika mtoni kivuko kikiwa kimeshafungua kamba. Nahodha alisikia honi, akalalamika sana, akarudi. Ditrika akapata dawa yake.

Kesho yake Kanisius aliibandua mwenyewe ile karatasi juu ya birika, akaomba apewe jina lake peke yake. Na tangu siku hiyo, karani yeyote akiinuka kwenda kunywa chai, Kanisius hakuinua hata uso. Alisema tu: "Aondokaye na aondoke na mkono wake."