Wiki Sita za Kuchagua Prosesa

Waliosema mchagua jembe si mkulima hawakumkataza mtu kumiliki jembe zuri. Walimlenga yule anayesimama pembeni mwa shamba akipima mpini huu na ule, huku mvua zinakatika. Mtu wa namna hiyo alikuwapo, na jembe lake lilikuwa prosesa, ule ubongo wa kompyuta.

Alikuwa mkata vioo. Wenzake karakanani walimbandika jina la Vipimo, kwa kuwa hakukata hata kioo cha dirisha la choo kabla ya kukipima mara nne. Kazini tabia hiyo ilimjengea heshima, maana kioo kikishakatwa vibaya hakiungiki. Nyumbani ilikuwa balaa. Aliishi na mama yake, mshona nguo, ambaye hakuendesha cherehani bila kuimba. Nyimbo alizitunga mwenyewe, na kila mtoto aliyemzaa au kumlea alikuwa na wake. Hakuna aliyewahi kuziandika. Zilikaa kooni mwake tu, na kooni humo ndimo ulimoota uvimbe.

Daktari hakumumunya maneno. "Kikoromeo tutakiondoa chote. Mama atapona, Mungu akipenda, lakini sauti hatakuwa nayo tena. Operesheni ni baada ya wiki sita."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alimshika mwanawe mkono. "Wewe si una ile studio yako chumbani? Nirekodi, mwanangu. Nyimbo zote. Nataka wajukuu wanisikie."

"Nitakurekodi, Mama. Tena vizuri, mpaka ushangae."

Neno hilo "vizuri" ndilo lililomponza. Studio yenyewe ilikuwa meza, maikrofoni nzuri na kompyuta kuukuu ambayo prosesa yake ilikuwa na viini viwili tu vya kufanyia kazi. Vipimo alipoirundikia midundo na ala ishirini kwa pamoja, ilikwama na kukatakata sauti. Kama ingekwama kwa sauti ya mtu mmoja hakujua, kwa sababu hakuwahi kuijaribu hivyo. Badala ya kuijaribu, alichukua daftari akachora jedwali. Kulikuwa na prosesa ya viini vinane isiyo na kasi sana, nyingine ya viini vinne yenye kasi, na ya tatu isiyopata joto, ili feni isije ikanguruma ndani ya maikrofoni. Kila jioni alifuta hiki akaandika kile.

"Ukirekodi unataka kasi ya kila kiini, sauti isichelewe masikioni," alimweleza dada yake aliyekuja kumjulia mama hali. "Lakini ukija kuchanganya, unataka viini vingi."

"Mama ni mmoja, koo lake moja. Viini vinane vya nini?"

"Dada, kazi hii huijui."

"Kalenda naijua. Mrekodi hata kwa simu, wewe! Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Simu? Mama yangu si tangazo la mnadani."

Wiki ya tatu mama aliacha kushona, akafunga kitambaa kipya kichwani kana kwamba anakwenda kupigwa picha, akaja kuketi mbele ya maikrofoni. Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Hii ya zamani haiwezi hata wimbo mmoja?"

"Itakwama, Mama. Sitaki sauti yako ikatike."

Mama akafungua kitambaa. Akakikunja vizuri, akarudi kwenye cherehani yake.

Wiki ya tano Vipimo alikata shauri, akanunua ile ya viini vinane. Akaifungua kompyuta yote, akatandaza skrubu mezani, akashika prosesa kwa ncha za vidole. Haikuingia. Soketi, yaani kitako cha prosesa kwenye bodi kuu ya kompyuta yake, ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Mtu apimaye kioo mara nne alikuwa amepima kila kitu isipokuwa mahali chombo kinapokaa! Muuzaji akamwambia bodi inayofaa itafika Ijumaa.

Jumanne hospitali ilipiga simu. Uvimbe ulikuwa unakua haraka; mgonjwa aletwe kesho yake asubuhi.

Dada alikuja mbio na simu yake. Mama akafumba macho, akaanza wimbo wa kifungua mimba wake. Ulitoka mstari mmoja, mkavu, usio na mahadhi. Kikohozi kikaumeza wa pili.

"Futa," alinong'ona. "Huyo si mimi."

Bodi ilifika Ijumaa kama ilivyoahidiwa. Kompyuta mpya ikawa na kasi ya ajabu, lakini haikuwa na cha kurekodi. Mama alirudi nyumbani akipumua kwa tundu lililo shingoni. Alishona kimya, na kimya hicho kilimtafuna Vipimo kuliko lawama yoyote.

Mwezi mmoja baadaye aliamua kuiunga tena kompyuta ya zamani, kwa bodi na prosesa yake ileile, katika kasha jingine ili ampe dada. Kama kawaida yake, aliipima kwanza. Akachomeka maikrofoni na visikizio vya masikioni, akaanza kurekodi chumba, akasikiliza. Alisikia sindano ya mama, aliyekuwa akishona mlangoni, ikitoboa kitambaa. Alisikia pumzi ya mama ikiingia na kutoka, safi, bila kukatika hata mara moja. Kwenye kioo cha kompyuta, prosesa ilionyesha kuwa imetumia asilimia tisa tu ya nguvu zake.

Mama aliuona uso wa mwanawe, akainuka. Akavivaa vile visikizio, akasikiliza pumzi yake kwa muda mrefu. Halafu akachukua daftari la vipimo vya wateja wake, akaandika: *Mbona haijakwama?*

Vipimo alilia kama mtoto. Mama akalifunga daftari, akarudi kwenye cherehani. Hakika, mchagua jembe si mkulima.