Tajiri Aliyejimilikisha Kigelegele

Palikuwa na tajiri mmoja mjini Shambweni aliyejimilikisha kigelegele. Msicheke kwanza, ngojeni niwaeleze.

Jina lake Bwana Khelef. Minara ya simu yote yake, mtandao wote wake. Alipomwoza binti yake, akaitia harusi mtandaoni, na mle ndani wanawake walipiga kigelegele kimoja cha kupasua mawingu. Bwana Khelef akakipenda. Akenda kukisajili: hakimiliki, mali yake, mtu asikiguse. Tangu siku ile, ukirusha harusi yako mtandaoni na kigelegele kikasikika, picha inazimika pu! Yanabaki maandishi: "Sauti hii ni mali ya Bwana Khelef." Mashine yake haikubagua. Mzee mmoja alirusha video ya mbuzi wake anauzwa. Mbuzi akalia kwa sauti nyembamba, video ikafutwa. Mpaka leo hajui mbuzi wake aliiba nini.

Sasa Bi Mize, mpika vitumbua wa mtaa wa Mnazi Mmoja, mwanamke mwenye ulimi kama wembe, alikuwa anamwoza Zuwena, mwanawe wa pekee. Dada yake Bi Mize yuko Maskati, miaka hawajaonana, anatazama harusi kwa simu. Bi Mize akafurahi, akajisahau, akaachia kigelegele. Picha ikazimika. Dada kule Maskati akabaki kulia mbele ya maandishi. Haukupita muda, askari hawa hapa mlangoni. Bi Mize akatolewa harusini na hina mkononi, akapelekwa kwa Sultani. Na adhabu tajiri aliyoitaka ilikuwa moja tu: mwanamke huyu ahamishwe mji leo leo.

Sultani naye alikuwa anatumia mtandao wa Bwana Khelef kwa hisani ya Bwana Khelef, kwa hiyo uso aliukunja mapema.

"Mize, umeshitakiwa kwa wizi."

"Nimeiba nini, bwana?"

"Kigelegele."

"Mbona nilikipiga kwa ulimi wangu mwenyewe? Au na ulimi umesajiliwa?"

Bwana Khelef akadakia. "Ulimi ni wako. Sauti ni yangu."

"Marehemu mama yangu, mkunga aliyekupokea, alikipiga siku uliyozaliwa wewe, Bwana Khelef. Naye alikuibia?"

"Kama kilikuwa chake, angekisajili!"

"Angekisajili vipi, na mikono yote miwili alikuwa amekushika wewe?"

Baraza zima likaangua kicheko. Hata karani alijifanya anakohoa. Sultani akagonga bakora chini. "Mize! Mzaha wako utakuhamisha mji kabla mwanao hajaingia chumbani."

Hapo Bi Mize aliogopa kweli, asiwadanganye mtu. Akapiga magoti, akawa mpole ghafla.

"Basi nimeshindwa, bwana wangu. Nakiri. Ila naomba nijue mpaka uko wapi, nisije nikakosea tena huko niendako. Bwana Khelef, kigelegele cha harusini ni chako?"

"Changu."

"Cha mtoto akizaliwa?"

"Changu."

"Cha bibi kizee asiye na jino hata moja?"

"Changu, hata kikivuja."

"Na kilichopigwa na mtu asiyejulikana, kajificha nyuma ya dirisha?"

"Hicho ndicho changu zaidi!" Tajiri akasimama, kitambi mbele. "Kisikike popote, akipige yeyote, mwenyewe ni mimi. Naapa mbele ya Sultani na watu wote hawa!"

Bi Mize akamgeukia Sultani, macho yametulia.

"Bwana wangu, Ijumaa, ulipotoka msikitini ukakanyaga ganda la ndizi, ukakaa chini kwa kishindo mbele ya umma, kuna kigelegele kilitoka dirishani. Askari wako tangu siku ile wanapekua nyumba hata nyumba wakimtafuta mwenyewe. Waambie wakapumzike. Huyu hapa, na ameshaapa."

Sultani akaacha kutafuna tambuu. Akamgeukia tajiri polepole sana.

"Khelef. Kilikuwa chako?"

"Bwana... kile... kile si..."

"Umesema popote. Umesema yeyote."

"Si changu!" Jasho linamchuruzika mpaka kwenye ndevu. "Wallahi si changu, bwana! Kigelegele si cha mtu! Ni cha watu wote, tangu mababu na mababu, apige anayetaka!"

Bi Mize akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akajipangusa magoti.

"Sasa Bwana Khelef, ungesema hivyo tangu asubuhi, pilau ya watu isingepoa."