Mzee Wiebe na Wabunge wa Kilimani

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, maana hii ni hadithi ya waheshimiwa, na waheshimiwa hawasikii vizuri.

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, huko Uholanzi, palikuwa na kijiji kilichokaa chini kuliko bahari. Ndiyo, chini! Samaki waliogelea juu kuliko mapaa ya nyumba. Kilichozuia maji ni tuta la udongo, basi.

Kijiji kilikuwa na Bunge lake, kilimani, pakavu. Uchaguzi ulipokwisha, vyama vitatu vikaanza kuunda serikali ya pamoja. Vikaunda, vikaunda, vikaunda. Theluji ikaanguka. Bado vinaunda.

Msuluhishi wao alikuwa Mzee Wiebe, mtu wa miaka themanini, mwenye subira ya kupigiwa mfano. Kila jioni alitangaza, "Tumepiga hatua!" Hatua ya kwenda wapi, hakuna aliyeuliza.

Siku moja akaingia Bi Jikke, mjane wa bondeni, gauni limelowa hadi magotini.

"Mzee, tuta linavuja."

"Pole, mama. Waziri wa matuta hajateuliwa."

"Na maji yanamngoja waziri?"

Wabunge wakacheka. Mzee Wiebe hakucheka. Alikumbuka kwamba amesema "tumepiga hatua" mara mia mbili na kumi. Aibu ikamshika.

Asubuhi akawaambia, "Waheshimiwa, ukumbi unapakwa rangi. Leo tunakutana kwa Bi Jikke."

Wakashuka, wakaketi. Maji: tii, tii, tii.

Wa chama cha kwanza akasimama. "Kwanza tukubaliane, tuta ni nini?"

Chubwi! Maji viatuni.

Wa pili akasema, "Naomba iundwe kamati."

Chubwi! Maji magotini.

Wa tatu akasema, "Na kamati ndogo ya..."

Chubwi! Kiti chake kikaelea, kikaondoka bila yeye.

"Fungueni mlango!" wakapiga kelele.

"Mlango uko wazi," akasema Mzee Wiebe. "Majembe yako nje, mkono wa kushoto."

Ajabu! Miezi saba ilishindwa, lakini serikali ikapatikana kabla ya adhuhuri. Waziri wa matuta akawa yule aliyelifikia jembe kwanza. Wakachimba pamoja na wanakijiji siku tatu, mchana na usiku, na tuta likasimama.

Lakini nyumba ya Bi Jikke ilikuwa imeanguka.

"Nisamehe, mama," akasema Mzee Wiebe. "Nilichelewa."

"Ulichelewa," akajibu Bi Jikke, akampa ndoo achote matope.

Waheshimiwa walirudi kilimani, wakakausha soksi, wakapitisha sheria yao ya kwanza. Haikuchukua hata dakika moja: ni marufuku Bunge kukutana bondeni. Wote waliunga mkono, isipokuwa mzee mmoja, ambaye hakuwepo. Alikuwa bondeni, anapanga matofali ya Bi Jikke.

Funzo lake, wasikilizaji wangu: kiongozi asiyelowa pamoja nanyi, msishangae akiona hakuna haraka.

Basi, hadithi yangu naitua hapo.