Nguchiro Mwenye Hema na Fisi Mwenye Kivuli

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na jua!
Jua likamwakia nani?
Likatuwakia sisi!

Basi kaeni. Asiyetaka kukaa asimame, ila asinizibie upepo. Leo simleti Sungura. Sungura kashinda mara nyingi mno, hata aibu haoni. Leo namleta Nguchiro, mnyama mdogo, mwenye mkia mrefu kuliko subira ya wengi wenu, na anakuja kwa baiskeli.

Nguchiro aliishi na mama yake katika nchi ya mvua, na alikuwa na kaka mmoja. Miaka miwili nyuma, kaka huyo alifunga hema kwenye keria ya baiskeli, akasema anakwenda kutembea nchi ya ng'ambo ya milima, peke yake, na kwamba atarudi kabla mahindi hayajakomaa. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, yakaliwa na panya. Ikaja salamu moja tu, imeletwa na Mbayuwayu: "Mwambieni mama sijambo. Nimefika kwenye mti, napumzika. Jua likipungua nitaendelea."

Jua gani hilo lisilopungua miaka miwili? Mama aliuliza hivyo kila asubuhi. Mwishowe Nguchiro naye akafunga hema kwenye keria, akafunga madumu mawili ya maji na furushi la nyama kavu. Mama akamvika kanga yake begani.

"Usirudi bila kaka yako," akamwambia.

Neno zito hilo kumpa mtoto. Lakini mama alilisema, nami siwezi kulifuta.

Nguchiro akanyonga baiskeli. Kiri-kiri-kiri, akapanda milima. Shwaaa, akateremka upande wa pili. Huko chini jua likamshika, na si jua hili mnalolilalamikia nyinyi. Lami ililainika ikanasa tairi kama ugali unavyonasa mwiko. Tyubu ikapasuka, paa! Akaziba. Ikapasuka tena, paa! Akaziba. Siku ya kwanza alinyonga mpaka saa sita mchana, akaanguka mtaroni, akatapika. Siku ya pili alinyonga mpaka saa tano, akaona barabara mbili mahali palipokuwa na moja. Siku ya tatu akapata akili. Alitupa sweta, akatupa sufuria, akatupa na ule mpango wake wa kumaliza safari kwa siku kumi. Akawa ananyonga tangu alfajiri mpaka saa tatu, kisha anasimamisha hema, analowesha kanga ya mama na kuitandaza juu yake. Upepo ukipita, ndani kunakuwa na ubaridi wa mtungi. Alasiri jua likilegea, anafungasha, ananyonga tena.

Nyonga asubuhi, lala mchana, nyonga jioni. Kiri-kiri-kiri. Jua halina ndugu.

Siku ya saba, saa tatu asubuhi, akauona mti. Ulikuwa mgunga mmoja, mpana, na nchi nzima ile haikuwa na mwingine. Chini yake alijinyoosha Fisi, tumbo wazi. Kando, kwenye jua, kulikuwa na shimo refu, na ndani ya shimo wanyama walikuwa wakichimba. Pu! Pu! Pu! Nyuma ya shimo zilirundikwa baiskeli zao, zimeshika kutu.

"Karibu, mgeni," akasema Fisi kwa sauti laini. "Pumzika kivulini. Jua likipungua utaendelea."

Nguchiro akasikia maneno ya kaka yake yakitoka katika kinywa cha mwingine. Hakuingia kivulini. Alijisogeza kwenye ukingo wa shimo kama mtu anayekagua tairi, na hapo Nungunungu, aliyekuwa akichimba karibu, akamnong'oneza sheria ya nchi ile.

Kule ardhi haina mwenyewe, maana ni jua tupu. Kinachomilikiwa ni kivuli. Mwenye kivuli ndiye mwenyeji, na anayelala humo ni mgeni wake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu husemwa kwa kucheka, na mgeni naye hucheka, kisha anafunga mizigo. Kule ilikuwa sheria. Ukishashika jembe huliweki chini mpaka mwenyeji akuambie kwaheri, na Fisi hajawahi kumwambia mtu kwaheri. Alitaka kisima cha peke yake, kirefu kuliko kiu yote ya nchi ile.

Nguchiro akatazama chini. Katikati ya shimo alikuwa kaka yake, mbavu nje, mgongo umepauka. Akamwita polepole. Kaka yake akainua macho, akaiona kanga ya mama, akayateremsha tena. Pu! Pu! Akaendelea kuchimba. Nguchiro aliumia kwa hilo kuliko kwa jua lote alilopigwa njiani.

Basi akarudi, akasimamisha hema juani, hatua kumi nje ya kivuli cha mti. Akamwaga maji juu ya kanga, akaitandaza, akaingia ndani na kufungua furushi la nyama. Kisha akaanza kulalamika kwa sauti kwamba kuna baridi, kwamba meno yanagongana, kwamba angejua asingetupa sweta lake.

Fisi akageuka upande huu. Akageuka upande ule. Alikuwa na mti mzima, kivuli kizima, lakini sasa palikuwa na ubaridi usio wake na harufu ya nyama isiyo yake, na mnyama wa namna ile hawezi kulala na jambo kama hilo. Mnawajua. Akavuka jua mbiombio, nyayo zikimwungua, mpaka mlangoni pa hema.

"Hodi."

Nguchiro akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka shimoni, "Karibu, mgeni wangu."

Fisi hakulisikia hilo neno mgeni. Alisikia nyama. Akaingia, akalijaza hema, na Nguchiro akatoka nje kwa kukosa nafasi. Siku hiyo Fisi alikula nusu ya furushi, akalala. Nguchiro alikaa mlangoni juani, akimwagia kanga maji kila ilipokauka, na yeye mwenyewe akinywa kifuniko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Siku ya pili Fisi akala nusu iliyobaki, akadai kanga iloweshwe zaidi. Ikaloweshwa. Dumu la kwanza likaisha, la pili likabaki chini chini. Nguchiro ulimi ulimganda kinywani. Kama Fisi angetoka siku ile, safari ingeishia pale, na mama angebaki na maswali mawili badala ya moja. Lakini tangu lini Fisi akatoka mahali penye chakula?

Asubuhi ya tatu Nguchiro alichukua jembe moja la akiba kando ya shimo, akaliegemeza mlangoni pa hema.

"Mgeni siku mbili," akasema.

Na shimo zima, kwa mazoea tu, likaitikia, "Siku ya tatu mpe jembe!"

Fisi akacheka. Akacheka peke yake. Akasema ule mti ni wake. Nguchiro akakubali kwamba mti ni wake, akamuuliza tu amelala katika kivuli cha nani. Fisi akatazama chini, akauona ukingo wa kivuli cha hema umemzunguka pande zote. Akatazama shimoni, akaona macho yote yanamwangalia. Akiivunja sheria mbele yao, nao wataivunja, na nguvu zake zote zilikuwa sheria hiyo. Akashika jembe.

"Niambie kwaheri," akabembeleza.

"Waambie wao kwanza."

Fisi akawaambia mmoja mmoja. Kwaheri, Nungunungu. Kwaheri, Digidigi. Kwaheri, Nguchiro mkubwa. Majembe yakaanguka, pu, pu, pu.

"Na mimi?"

"Wewe tutaonana," akasema Nguchiro.

Fisi akateremka shimoni.

Wanyama wakapanda juu wakaenda moja kwa moja kwenye mti, wakajitupa kivulini. Kaka yake Nguchiro alikuwa wa kwanza kufika, akakaa palepale alipokuwa akikaa Fisi, palipokwisha kuchongeka kwa makalio. Nguchiro akamfuata na kata ya maji ya mwisho, akampa, akamwambia mama anamngoja na kwamba wataondoka jioni, jua likilegea.

Kaka akanywa yote. Akafumba macho.

"Jua kali, mdogo wangu. Likipungua."

Wakati huohuo akatokea kwa mbali Kobe mmoja, anakokota baiskeli, tairi zimepasuka zote mbili. Kaka yake Nguchiro akainuka, akajipangusa udongo, akaita kwa sauti laini, "Karibu, mgeni. Pumzika kivulini." Kisha akamgeukia Nguchiro na kutabasamu, akasema, "Na wewe kaa. Leo ni siku yako ya kwanza."

Nguchiro akamtazama. Akawatazama wengine, na hakuna aliyecheka. Nungunungu alikuwa ameshaanza kupanga majembe.

Akafunga hema kwenye keria. Akasimama kidogo, akingoja aambiwe kwaheri. Hakuambiwa. Ilikuwa saa sita mchana, saa aliyokwisha kuapa kwamba hatanyonga tena, na akanyonga. Alipompita Kobe alimwambia asiingie. Kobe akamwona mtu mwenye wivu, akaingia.

Nyumbani hakuweza kwenda, maana aliambiwa asirudi bila kaka yake. Kwenye mti hakuweza kukaa. Ndiyo maana mpaka leo, ukimwona nguchiro, anakatiza barabara mbio mchana wa jua, hasimami kivulini hata kidogo.

Hadithi yangu imepasuka tairi, inaishia hapa. Utamu wake chukueni, uchungu wake niachieni, nimeuzoea. Na funzo lake ni ukarimu, watoto wangu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukimkuta mtu kivulini anakukaribisha, usiwe na wasiwasi, kaa. Hasa akiwa ndugu yako.