Pikapu Isiyokula

Kisichokula chako kinajila. Methali hiyo mmeisikia leo pale stendi kwa mpakiaji wa mbao, mkaja mbio kuniuliza maana yake kana kwamba mimi ndiye niliyeizaa. Sikuizaa, ila siku inazaliwa nilikuwepo, nimeshika birika la chai. Kaeni basi. Na wewe Lwitiko, mjukuu wangu, weka chini hiyo simu yenye picha za magari. Hicho kigari cha dizeli unachotaka kununua hakitakimbia kabla sijamaliza.

Chanzo chake ni huku huku kwetu Makete, miaka ile lami haijapanda milima hii. Mtu aliyetamani gari alitamani aina moja tu, pikapu ndogo ya dizeli, na mimi siwalaumu. Lori kubwa lilikula mafuta mpaka faida yote ya viazi ikabaki kwenye kituo cha mafuta. Gari la petroli nalo lilifika katikati ya mlima likaanza kuhema. Lakini pikapu ndogo ya dizeli ilipanda polepole, magunia mgongoni, ikafika Njombe na kurudi, na mshale wa mafuta umesogea kidogo tu. Watu waliisifu kama anavyosifiwa mkwe mwenye adabu. Hawakusema inatumia mafuta kidogo. Walisema, "Haili."

Obadia Tweve alikuwa mkulima wa viazi, mtu mwema, mcheshi, mwenye sauti inayofika kabla yake. Mkewe aliitwa Sekela. Waliitamani pikapu hiyo tangu walipooana, wakakubaliana kufunga mkanda mpaka waipate. Obadia aliacha pombe. Sekela aliacha kitu kingine, na hakusema. Alimwandalia mumewe chakula sebuleni, kisha akiulizwa, alijibu kwamba yeye amekwisha kula jikoni. Zamani huku kwetu mwanamume alikula sebuleni na mwanamke jikoni pamoja na watoto, na wao Mungu hakuwa amewajalia watoto. Kwa hiyo Sekela akisema amekula, shahidi wake alikuwa sufuria.

Mwishowe pikapu ikaja. Ilikuwa imekwisha tumika kwingine, rangi yake kama maziwa yaliyolala, mlango mmoja mgumu kufungua, lakini injini ilinguruma vizuri. Tulienda kuipokea, tukala, tukacheza. Kila mzee alizunguka akaipiga teke tairi, kama ilivyo desturi ya watu wasiojua gari. Obadia akasimama kwenye bodi akatangaza kwamba nyumbani kwake sasa kuna viumbe viwili vya baraka, pikapu isiyokula na mke asiyekula. Tulicheka sana. Sekela naye alicheka, kiganja mdomoni.

Utani ule ukamkaa Obadia ulimini. Ukimsalimia ukamwuliza, "Mkeo hali gani?" alikuwa akijibu, "Hali! Hali hata kidogo, kama pikapu yangu," kisha anacheka mpaka machozi. Mnaona alivyolichezea neno. Unamwuliza hali ya mtu, naye anakujibu kwamba huyo mtu hali chakula. Kijiji kizima kikajifunza jibu hilo, hata wanafunzi wakawa wanaulizana njiani.

Kisha pikapu ikaanza mambo yake.

Kwanza mshale wa mafuta uligoma kushuka. Obadia alikwenda Njombe, akarudi, akaenda tena, na mshale uko pale pale. Alifurahi. Wengine tukaanza kutazamana. Halafu ikawa akizima, haizimiki papo hapo. Anageuza ufunguo, anautoa, anashuka, na injini inabaki ikinung'unika peke yake kidogo kabla ya kunyamaza, kama mtu anayemalizia maneno baada ya mwenzake kutoka chumbani. Moshi wake ukageuka buluu. Na mbwa wa kwetu, ambao kwa baridi hii hulala chini ya gari lolote lenye joto, ile hawakuisogelea. Walikaa mbali, wakijikunja kwenye umande, wakiitazama.

Mimi nilikuwa nauza chai na maandazi gulioni, na muuza chakula huona midomo ya watu. Niliona jambo ambalo sikulipenda. Kadiri moshi wa pikapu ulivyozidi, moshi wa jikoni kwa Sekela ulipungua. Asubuhi pikapu ilikohoa kabla ya kuwaka, na ukisikiliza vizuri, nyuma ya ukuta wa nyumba kulikuwa na kikohozi kingine kikiijibu. Khanga zake zilianza kumzunguka mara mbili. Nilimwendea nikamwuliza kama anaumwa, akasema hapana, ni kazi tu. Nikampa andazi, akashukuru, akalifunga kwenye pindo la khanga. Baadaye nikamwona Obadia analitafuna, anamsifu aliyelipika.

Siku yenyewe ilikuwa ya gulio, asubuhi, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka tukawa tunatambuana kwa sauti. Obadia aliegesha pikapu juu ya mteremko, akaweka jiwe chini ya tairi kama wanavyofanya madereva wote wa huku. Injini aliiacha ikiunguruma, maana kwa baridi ile dizeli ikipoa ni taabu kuiwasha. Sekela alibaki ameketi ndani, kwenye upande wa ule mlango mgumu, ajikinge na baridi.

Wanunuzi wa viazi kutoka bondeni walikuja wakaizunguka pikapu. Walitaka kujua inakula kiasi gani. Obadia hakuhitaji kuombwa mara ya pili. Akaingiza mkono dirishani, akazima, akatoa ufunguo, akauinua juu ili wote wauone. Akawaambia waje wautazame mshale wenyewe, kama umeshuka hata unywele.

Injini haikunyamaza.

Ilinung'unika kama ilivyozoea, tukangoja iishe. Haikuisha. Mnung'uniko ukapanda, ukawa mngurumo, kisha mlio mwembamba mkali ambao sijausikia tena kwenye gari lolote, na bomba la moshi likatapika wingu zito likachanganyika na ukungu. Gari zima lilitetemeka. Obadia alisimama ameinua ufunguo, anautazama, analitazama gari, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemwona maiti akikaa kitandani. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Ufunguo si huu hapa? Sasa nani anaiendesha?"

Kwa kutetemeka kule jiwe likachomoka. Pikapu ikaanza kuteremka taratibu, ikapita mbele yetu, na dirishani nilimwona Sekela. Hakupiga kelele. Aliketi ametulia, mikono mapajani, akitutazama kama abiria anayesafiri. Kisha ukungu ukamfunika.

Tulikimbia kuufuata ule mlio, lakini ukungu hudanganya masikio. Mara uko kulia, mara uko nyuma yetu. Obadia alikuwa akiita jina la mkewe, na sauti yake, ile iliyozoea kufika kabla yake, ilikuwa haifiki popote. Niliogopa, siwafichi. Niliogopa zaidi mlio ulipokatika ghafla na kimya kikaingia. Hata ndege hawakulia.

Tuliikuta chini, imeegemea tuta la udongo kando ya msitu wa misindano. Ilikuwa haijapondeka popote. Injini ilikuwa inatoa sauti ndogo za chuma kinachopoa, na hewa ilinuka kitu kilichoungua. Sekela alikuwa bado ameketi vile vile.

Obadia aliung'ang'ania mlango mpaka ukafunguka. Akamwuliza kwa nini hakuruka, kwa nini hata hakuufungua mlango. Sekela akamwambia alijaribu, lakini mlango ulikuwa mzito kuliko yeye. Basi Obadia akainama amtoe. Alimwinua kwa nguvu zile alizozoea kuinulia gunia, akayumba kinyumenyume nusura aanguke, kwa kuwa mikononi mwake hapakuwa na uzito aliojiandaa nao. Akabaki amesimama hivyo, amempakata mtu mzima kama mtoto. Tuliokuwa pale tuliona anaelewa. Lilikuwa jambo la kutisha kulitazama kuliko gari lenyewe.

"Sekela," alisema, "tangu lini huli?"

"Tangu tulipoanza kuweka akiba ya gari."

"Gari si lilikuja?"

"Lilikuja. Lakini ulikuwa umefurahi mno kwamba sili. Nikaona haya kuanza tena."

Obadia alikaa chini kwenye majani yenye maji, mkewe mapajani, akalia mbele ya wanaume wenzake bila kuficha uso. Mimi nilikuwa nimefika na birika langu, maana nilikimbia nalo bila kujijua. Nikamimina chai yenye sukari nyingi. Obadia akashika kikombe, akamnywesha. Ya kwanza ilirudi. Akamfuta kwa kiganja, akajaribu tena kidogo kidogo, mpaka ikakubali kukaa.

Walimpeleka hospitali, na alikaa huko muda mrefu. Obadia alilala sakafuni kando ya kitanda, akimlisha uji kwa kijiko, na watu walipomcheka kwamba anafanya kazi ya kike, aliwaacha wacheke.

Siku hizo hizo fundi alikuja kutoka Njombe akaifungua ile injini. Alitueleza vizuri, nami sikubishana naye. Alisema injini ya dizeli ikichakaa ndani huanza kuvuta oili yake yenyewe na kuiunguza badala ya mafuta, na ikishaizoea, ufunguo haina habari nao tena. Inakwenda mpaka imalize kilichomo tumboni mwake na kujiua. Alitaka kutuonyesha oili iliyobaki, lakini haikubaki hata tone. Ndani palikuwa pakavu na peusi. Kisha akafungua tangi la dizeli, tukachungulia. Lilikuwa karibu kujaa.

Hapo ndipo mzee mmoja, baba yake Sekela, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alipoyatamka maneno yale. Hakumtazama Obadia, aliyekuja siku hiyo kutoka hospitali. Alitazama lile tangi, akasema, "Kumbe. Kisichokula chako kinajila." Akachukua fimbo yake akaondoka. Maneno yale yakabaki pale kwenye misindano, watu wakayaokota, yakateremka hadi bondeni na viazi, yakafika stendi, na leo yamewafikia ninyi.

Pikapu haikuwaka tena. Iliozea pale pale, na mbwa, ambao hawakuisogelea ikiwa na joto, wakaanza kulala chini yake ilipokuwa baridi.

Lwitiko, nunua kigari chako. Sikukatazi, dizeli ni nzuri na milima ni mirefu. Lakini ukisikia watu wanakisifu kwamba hakili, fungua boneti utazame. Na ukioa, kula jikoni.

Sekela alipona, tena akanenepa, akazeeka hapa hapa mbele ya macho yangu. Na Obadia, tangu alipomrudisha nyumbani mpaka siku tulipomzika, ukikutana naye njiani ukamwuliza, "Mkeo hali gani?" hakucheka wala hakulichezea neno. Alikuwa anavua kofia kwanza, halafu anajibu, "Anakula."

Kisichokula chako kinajila.