Fisi na Nyumba Zisizotoa Moshi

Hapo zamani za kale, wakati Fisi bado ana nyumba yake na anavaa kofia ya ukubwa, mvua kubwa ilinyesha katika nchi ya wanyama. Mto ukafura. Ukashuka bondeni, ghururururu! Ukazoa vibanda, vyungu, maghala na hata vitanda.

Wanyama wa bondeni wakabaki chini ya miti na watoto wao. Habari zikawafikia Tembo wa ng'ambo ya milima, nao ni watu wa huruma. Wakaleta miti ya kujengea, nyasi za kuezekea na magunia ya mtama, mizigo mizito mpaka njia ikachimbika. Wakamkabidhi Mfalme Simba, wakasema, "Hivi ni vya walioharibikiwa." Kisha wakarudi kwao.

Simba alipenda sana kulala mchana. Akamwita Fisi.

"Wewe sasa ni mkubwa wa Idara ya Maafa na Makazi," akamwambia, akamvika kofia ya ukubwa. "Jenga nyumba, gawa mtama."

"Imekwisha hiyo, Mfalme wangu!"

Simba akalala. Msiniulize, wanangu, kwa nini alimchagua Fisi. Wafalme wana sababu zao, na mimi sikuwepo.

Sasa shikeni jambo moja. Katika nchi ile palikuwa na mila ambayo hata mfalme aliiheshimu. Nyumba mpya ikikamilika, aliyeijenga alisimama mlangoni akamwambia anayehamia, "Washa moto." Yule akiwasha moto kwenye mafiga na moshi ukapanda, basi, nyumba imekuwa yake na hatolewi tena. Kila mnyama aliijua mila hiyo, isipokuwa Fisi. Fisi hapiki. Anakula vibichi, nyumbani kwake hakuna hata jiko, na kwenye shughuli za watu hufika moto umeshazimika, kuokota mifupa.

Siku zikapita. Bondeni hakukuota hata nguzo moja. Lakini nyumbani kwa Fisi, lo! Nyumba yake ya zamani ilibomolewa, na mahali pake ukumbi uliinuka, mrefu, mpana, umeezekwa nyasi nene za milimani. Nyuma yake likasimama ghala lenye kufuli. Kamati ya Maafa ilikaa humo kila siku, na wajumbe wake walikuwa Fisi, mdogo wake Fisi, shemeji yake Fisi na watoto wa shangazi yake.

Baraza likaitishwa. Simba akafumbua jicho moja.

"Kazi inaendelea?"

"Inaendelea vizuri mno, Mfalme. Nyumba zimekamilika."

Kobe, ambaye kila neno lake huchukua muda, akauliza, "Mbona... sisi... hatujaziona?"

"Mzee wangu, wewe na mwendo wako, utaona nini?" Fisi akacheka, na jamaa zake wakacheka. "Mali nyingine imetumika kwenye vikao."

"Vikao... vya nini?"

"Vya kuzungumzia nyumba. Na nyingine kwenye safari za kukagua viwanja."

"Mbona viwanjani... hamkufika?"

"Tulipotea njia. Ndiyo maana safari zikawa ndefu, na safari ndefu ina gharama."

Simba akasema, "Vizuri," akalifumba lile jicho.

Miongoni mwa walioharibikiwa alikuwamo Bi Nguchiro, mjane, mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa akili. Alikuwa na watoto watano, na kitinda mimba wake, Kibibi, alikuwa amepata kifua. Koho! koho! Mchana kutwa. Mawingu ya masika yalishaanza kujikusanya, na Bi Nguchiro alijua kwamba mvua ile ikimkuta Kibibi chini ya mti, mtoto hatamaliza mwezi.

Akaenda idarani, kwenye ule ukumbi. "Hodi, Bwana Mkubwa."

Fisi alikuwa anaguguna mfupa, gugugu. "Nani? Unasemaje?"

"Nimekuja kuulizia nyumba. Mtoto anaumwa."

"Suala lako linashughulikiwa."

"Na mtama?"

"Nao unashughulikiwa."

Akaenda tena na tena, jibu likawa lile lile. Mara ya mwisho Bi Nguchiro hakubishana. Alitazama juu, akaziangalia zile nyasi za milimani kwa muda, kisha akaondoka zake.

Kesho yake akarudi mbio, anahema, "Hehe! hehe! Bwana Mkubwa! Nimetoka milimani kumtafutia mwanangu dawa, nimewakuta Tembo wanafunga mizigo. Msaada wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza!"

Mfupa ukamtoka Fisi mdomoni, pu!

"Mizigo ya nini?"

"Sikufungua, baba. Ila nzi walikuwa wengi sana."

Mate yakamdondoka Fisi, to! to! to! "Nzi! Lini wanakuja?"

"Kesho kutwa. Lakini hawashuki hivi hivi. Watasimama kule kilimani, watazame bondeni. Nyumba isiyotoa moshi wanasema haina mtu. Na watanyoosha ile mikonga yao wanuse. Wakisikia harufu ya uji kila nyumba, wanashusha mizigo. Wasiposikia, wanageuza."

"Tutachemsha maji matupu."

"Maji matupu yananukia nini, Bwana Mkubwa? Na pua yenyewe umeiona urefu wake?"

Fisi akazunguka ukumbini, akafikiri, akajikuna. Kutoa mtama kulimuuma. Kuvua nyasi kulimuuma zaidi. Lakini kila alipowakumbuka wale nzi, maumivu yalipoa.

"Sikiliza," akasema. "Nitajenga nyumba bondeni, za kuonyesha tu. Wewe utawaingiza wenzako. Wakae, wapike, watabasamu. Wageni wakishaondoka tunabomoa, narudisha vitu vyangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, vitu vyako."

"Na yule mwanao asikohoe mbele ya wageni!"

"Akipata uji wa moto hatakohoa."

Basi jamaa wote wa Fisi wakavua kofia, wakafanya kazi kwa mara ya kwanza. Kwaa! nguzo zikang'olewa ukumbini. Fyuu! nyasi zikashushwa. Ko! ko! ko! Bondeni nyumba zikasimama mfululizo. Ukumbi ule peke yake ulitoa nyumba za bonde zima, na bado miti ikabaki. Wanyama wakazihesabu nguzo. Walikuwa wamejua kwamba wameibiwa, lakini hawakuwa wamejua ni kiasi gani. Kobe machozi yalimlengalenga, na hakuyaficha.

Siku ya wageni ikafika. Fisi alimwamsha Simba mwenyewe, akampandisha kwenye mwinuko, ili sifa zimkute mahali panapoonekana. Simba akatazama zile nyumba. "Kumbe kweli zimekamilika," akasema.

"Mimi sidanganyi, Mfalme."

Magunia ya mtama yalikuwa ndani, vyungu juu ya mafiga, kuni chini yake. Kila mama alikuwa mlangoni kwake, akingoja. Hakuna aliyegusa kuni.

Fisi akatazama kilimani, akatazama bondeni. Hakuna moshi. Jasho likamtoka. "Nguchiro! Mbona hamuwashi?"

"Tunakungoja wewe, Bwana Mkubwa. Ndiwe uliyejenga. Tamka, Mfalme asikie, na wote wasikie."

"Washeni moto!" Fisi akapiga kelele, bonde likaitika. "Washeni moto nyote! Haraka!"

Fuu! fuu! Kuni zikashika. Moshi ukapanda kutoka kila paa, mwembamba, halafu mnene. Harufu ya uji ikajaa bonde. Akina mama wakapiga vigelegele, "Lililililili!" Fisi naye akacheka kwa furaha, akidhani vigelegele vile ni vya wageni.

Wakangoja. Jua likapita utosini. Kilimani hakuonekana hata sikio la Tembo.

"Wako wapi hao wageni?" Simba akauliza.

Bi Nguchiro akasema, "Labda wamepotea njia, Mfalme, kama ilivyopotea Kamati."

Hapo ndipo Fisi alipoelewa. "Amenidanganya! Bomoeni! Haraka, mvua inakuja! Rudisheni nyasi zangu!"

"Bomoa nini?" Simba akauliza, na safari hii macho yote mawili yalikuwa wazi.

"Nyumba hizi, Mfalme. Zilikuwa za kuonyesha tu."

"Barazani uliniambia nyumba zimekamilika. Nyumba gani hizo?"

Fisi akapiga hesabu. Akisema ndizo hizi, basi ni za wanyama. Akisema siyo hizi, basi za mwanzo ziko wapi?

"Ndizo... ndizo hizi," akasema polepole.

"Na mimi kwa masikio yangu nimekusikia ukisema, 'Washeni moto nyote.' Moshi ule pale. Umekabidhi, hutoi mtu." Simba aliona aibu mwenyewe, kwa kuwa aliulizwa kwa macho na kila mnyama aliyekuwapo. "Na kofia yangu nirudishie."

Paaa! Mvua ya masika ikamwagika. Kila mnyama akakimbilia kwake, na neno hilo, kwake, lilikuwa tamu siku ile. Fisi akakimbilia ukumbini akakuta mashimo ya nguzo yamejaa maji. Jamaa zake walikuwa wameshatawanyika na ufunguo wa ghala. Akarudi bondeni, manyoya yamemlowa, anatetemeka, akasimama kwenye mlango wa Bi Nguchiro.

"Hodi! Bi Nguchiro, dada yangu, hodi! Nina baridi! Koho! koho!"

Ndani, Kibibi alikuwa amelala karibu na mafiga, amekunywa uji, anapumua vizuri. Bi Nguchiro akamfunika, kisha akaenda mlangoni, akaongea kwa sauti ya chini asimwamshe.

"Suala lako," akasema, "linashughulikiwa."

Akaukomea mlango. Tangu siku ile fisi hana nyumba, na bado anazunguka akingoja jibu. Mimi niliyeambiwa nimewaambia, nanyi mtawaambia wenzenu: aliyekabidhiwa mali ya wenye shida aulizwe kila mara, na jibu lake watu wakalitazame kwa macho yao.